Sauti Tatu Kabla ya Kwaya

Ungefika Masisi, mashariki mwa Kongo, siku nilizokwenda mimi ukauliza duka la muziki liko wapi, usingepelekwa kwenye santuri. Ungepelekwa kwenye kibanda cha mbao chenye paneli ya sola juu ya bati, spika moja kubwa imetazama barabara, na ubao wa rangi nyekundu unaotangaza kwamba humo ndani wanachaji simu, wanapiga picha za pasipoti na wanatia miziki. Kazi tatu chini ya bati moja. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitoa Dar es Salaam.

Nilikwenda Agosti 2019, na sababu yangu ilimchekesha afisa wa mpakani Goma mpaka akamwita mwenzake aje aisikie. Mimi ni mtu wa Sinza, si mbali na kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Remmy Ongala alizaliwa upande wa Kindu mwaka 1947, akaingia Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, na hakuondoka tena hadi alipofariki Desemba 2010. Kindu leo iko Maniema, lakini mpaka 1988 Maniema na Kivu zote mbili zilikuwa mkoa mmoja. Basi kwangu Remmy ni mtoto wa Kivu, na kwa miaka mingi nimetamani kujua huko alikotoka watu wanasikiliza nini, na nani anawauzia. Kinshasa tunaifahamu: Ngoma ya Nicolas Jéronimidis iliyoanza 1948, Opika, Loningisa, Esengo, Franco, Tabu Ley. Vitabu vipo. Katika vitabu hivyo Masisi na Walikale utazitafuta mpaka uchoke.

Kutoka Goma hadi Sake ni safari fupi: ziwa kushoto, mawe meusi ya volkano kulia, na vijana wanaosukuma chukudu, baiskeli zao za mbao, zilizosheheni mkaa. Mwezi mmoja kabla Ebola ilikuwa imethibitishwa Goma, kwa hiyo njiani tulishushwa, tukanawa mikono kwa maji ya klorini, tukapimwa joto kwenye paji la uso. Sake barabara inagawanyika. Moja inafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu, nyingine inapanda milima, na kuanzia hapo lami unaiaga. Mushaki ni baridi na majani mafupi, ng'ombe wametapakaa mteremko mzima, na vibao vya jibini viko njiani, ile jibini ya mviringo ambayo Goma nzima inaila kama ya Masisi. Wanaokwenda Rubaya kwenye migodi ya koltani wanachepuka njiani. Sisi tuliendelea.

Mwenye kibanda alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Alinitazama mkoba, akatazama viatu, akaamua mimi ni mtu wa kanisa.

"Karibu, Papa. Unataka ya kanisa ao ya dunia?"

"Zote, mwanangu. Lakini nianzie za hapahapa."

"Ya hapa?" Akacheka, akamgeukia mwenzake aliyekuwa akifungua simu kwa bisibisi. "Bantu bote banatafuta ya Kinshasa na ya Tanzania. Huyu anatoka Tanzania, anakuya kutafuta ya Masisi!"

Alinivutia kigoda nikakaa ubavuni mwake, nikaona kioo cha kompyuta. Hapo ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, maana duka lenyewe lilikuwa pale kwenye kioo. Kulikuwa na folda zilizoandikwa kwa herufi kubwa: KWAYA KIGALI, KWAYA TZ, RUMBA YA BAZEE, NDOMBOLO, BONGO, HARUSI, KILIO, KIHUNDE, KINYARWANDA, na moja iliyoitwa USIGUSE. Ndani ya KWAYA KIGALI walijaa Ambassadors of Christ. Ndani ya KWAYA TZ alikuwemo Rose Muhando, tena amerudiwa mara tatutatu. KILIO ilikuwa na nyimbo za matanga, na akaniambia hiyo ndiyo folda inayolisha kibanda, kwa sababu mwenye msiba haulizi bei wala hana nafasi ya kuchagua. Anakuja jioni, anataka nyimbo za kukesha nazo mpaka asubuhi, na kijana ndiye anayejua msiba wa mtoto unapigiwa zipi na wa mzee unapigiwa zipi.

Wimbo mmoja ulikuwa franka mia. Kujaza kadi nzima ilikuwa bei ya maelewano, na wateja wengi hawakutaja wimbo hata mmoja. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliweka kadi yake mezani akasema tu, "Unitilie kama ya dada yangu." Kijana alimjua dada, akajua na kadi ya dada ina nini. Akaburuta folda mbili, akatoa nyimbo za ulevi, akaongeza kwaya, akasubiri ule mstari wa kijani ujae. Nimezunguka maduka ya muziki mengi, nimefika mpaka kibanda namba 570 pale Kenyatta Market, Nairobi, ambako James Rugami anauza santuri za zamani kwa wageni wanaopanda ndege kumfuata. Rugami anajua santuri zake. Huyu wa Masisi alijua masikio ya mtaa mzima.

Mzigo mpya ulitoka Goma, mtaa wa Birere. Kwa mtandao wa Masisi wa wakati ule, kupakua wimbo mmoja kungeweza kumaliza vocha na subira kwa pamoja, kwa hiyo kijana alimpa dereva wa gari la viazi diski yake, ikaenda ikajazwa huko, ikarudi. Wiki ile ilikuwa imerudi na Innoss'B, mtoto wa Goma, na Yope yake ambayo Diamond Platnumz alikuja kuingia ndani yake baadaye mwaka huohuo. Diski ilikuwa imerudi pia na virusi vinavyogeuza nyimbo zote kuwa alama tupu zisizofunguka. Kijana aliipima kabla hajagusa chochote. "Ku barabara banapima bantu," akasema, "miye ninapima flashi." Na kweli, dumu la maji ya klorini lilikuwa mlangoni kwake vilevile, kwa amri ya watu wa afya.

Kila wimbo uliopita mikononi mwake aliutia muhuri. Kabla gitaa halijaanza unasikia sauti yake, imeongezewa mwangwi mpaka inatisha, ikitaja kibanda na namba ya simu, kisha muziki unaingia. Alikuwa ameubandika hata kwenye nyimbo za Franco, aliyefariki 1989 kabla kijana huyu hajazaliwa.

Folda ya KIHUNDE ilikuwa ndogo. Nyingi zilikuwa kwaya, chache za harusi, na mbili za mzee mmoja akighani peke yake, zimerekodiwa kwa simu, jogoo anawika nyuma. Nikiwa naisikiliza akaingia mama wa makamo, kikwembe na kilemba vya kitambaa kimoja, kijana akasimama kumpa kigoda chake. Ndiye mwalimu wa kwaya iliyokuwa ikiimba wakati ule kwenye spika. Walikuwa wamechangishana kwa mavuno, wakaenda Goma, wakalipia studio kwa saa, wakarudi na nyimbo sita kwenye flashi. Nikamuuliza kijana anamlipa nini.

"Mama hanilipi, na miye simulipi," akasema. Makubaliano yao yalikuwa haya: kibanda kinasambaza nyimbo, na kila Jumamosi kinachaji bure betri ya kinanda cha kwaya.

Nitasema ninavyoona. Sheria ya Kongo ina chama cha haki za watunzi, SOCODA, kilichoundwa 2011 baada ya SONECA ya enzi za Mobutu, na mbele ya sheria hiyo kijana wangu ni mwizi, kama walivyo wenye vibanda vya kurusha nyimbo kwetu ambao COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, huwafukuza. Lakini SOCODA haikuwa na kaunta Masisi. Hakuna mtu mwingine katika milima ile aliyewahi kumpa mwalimu yule hata betri iliyochajiwa. Kibanda kingefungwa siku ile, Fally Ipupa asingepoteza kitu, ila kwaya ile ingeimba Jumapili, ingesikika mpaka mwisho wa mabenchi, basi.

Wimbo wao uliopendwa ulikuwa wa mama anayerudi kutoka sokoni na gunia la viazi. Kijana alinifasiria kutoka Kihunde. Barieri ya kwanza, yaani kizuizi cha njiani, anapunguza kidogo, ya pili anapunguza tena, anaimba akihesabu, na anapofika kwake watoto wanakung'uta gunia. Hakuna anayetajwa. Kiitikio ni jina la Mungu tu. Nilimwambia mwalimu kwamba wimbo mzuri namna hiyo ulistahili kubeba jina la kwaya, kwa kuwa kwenye faili palikuwa na namba tu. Alinitazama kwa upole unaotumika kwa wageni.

"Jina iache, Papa," akasema. "Wimbo iende."

Kwenda Walikale nilipanda moto, yaani pikipiki, kupitia Nyabiondo. Motari, dereva wangu, alikuwa na abiria mmoja, debe la mafuta na, mfukoni mwa koti, kadi za simu zaidi ya kumi zimefungwa kwenye nailoni, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa posta ya nyimbo. Anayetaka za Masisi alimpa motari kadi tupu na hela, akarudishiwa imejaa. Njia yenyewe siiwezi kuisifu. Madaraja ni magogo mawili au matatu, na kila unaposhuka joto linapanda, mpaka ule ubaridi wa Mushaki unausahau na shati limekugandia.

Na barieri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, na baada ya njia ile sioni sababu ya kuibishia hesabu yao. Kamba imevutwa kuvuka njia, au mwanzi, na wanaume wamekaa chini ya turubai. Unalipa, unapewa kijikaratasi, au hupewi. Kwenye mojawapo katikati ya msitu mtu mmoja mwenye bunduki hakuanza na pesa. Alimwambia motari, "Leta miziki." Kumbe ni ada inayojulikana: motari anatoa kadi, mkubwa anaichomeka kwenye simu yake, anachagua, ananakili, anarudisha. Ni ushuru pekee niliouona njia nzima ambao haukupunguza mzigo.

Akafungua, na wa kwanza ukawa ule. Sauti ya kijana na mwangwi wake, namba ya simu, halafu akina mama wa Masisi na gunia lao. Upande ule Kihunde kinasikika vizuri, na wenzake chini ya turubai waliacha kuzungumza. Mimi nilikuwa nikitazama tairi la mbele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani anaimba?"

"Sijue, patron," motari akajibu. "Iko ya kanisa tu."

Yule mtu akafikiri. Akaubonyeza, akaunakili kwenye simu yake, akadai franka elfu mbili kwa ajili ya mgeni, tukapita. Motari hakusema neno mpaka tulipovuka daraja la pili, ndipo akaanza kucheka, na akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, nyingi zikiwa msitu, na mji wake umekaa kando ya mto Lowa kana kwamba hauna haraka na mtu. Duka la huko lilikuwa chumba cha matofali, na mwenyewe mzee aliyenizidi umri, miwani imefungwa kwa uzi. Alianza biashara Njingala, siku ambazo kasiteriti ya Bisie, madini ya bati, ilikuwa ikitolewa msituni mgongoni, gunia la kilo hamsini kwa kila mbebaji, na ndege ndogo zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kuichukua. Ndege haziji tupu, alinieleza. Zilileta bia, sabuni, sigara, na makatoni ya kanda na baadaye diski za video. Mchimbaji aliyepata hununua redio kwanza, kisha nyimbo, kisha ndipo anakumbuka shati. Septemba 2010 Rais Kabila akapiga marufuku uchimbaji Kivu na Maniema, na ingawa marufuku iliondolewa Machi mwaka uliofuata, mzee alikuwa amekwisha kuhamia mjini. Nilipofika, Bisie ilikuwa ya kampuni, Alphamin, yenye mitambo na uzio, na kampuni, akasema, hainunui kanda.

Za kuuza zilikuwa kwenye kompyuta, kama Masisi. Zisizouzwa zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda: kanda alizorekodi mwenyewe kwa redio, wazee wa Kinyanga wakisimulia karisi, tendi zao. Akaweka moja. Ubora wake ni wa hovyo, lakini ungesikia: msimulizi anaimba, anasema, kibuyu cha mbegu kinachezwa mkononi, na nyuma vijana wanagonga vijiti juu ya mwanzi mkavu bila kuchoka. Ni Mwindo, mtoto aliyezaliwa akisema na kutembea, ambaye baba yake Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume. Msomi aliyewahi kugusa fasihi simulizi atakuwa amekutana naye, kwa kitabu kilichochapwa California mwaka 1969. Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck alikaa na msimulizi mmoja, Candi Rureke, aliyeimba na kucheza na kusimulia kwa siku 12 huku maneno yakiandikwa. Juu ya jalada kuna Biebuyck, na kuna Kahombo Mateene, Mnyanga, mwanaisimu aliyekuja kuongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Kampala. Rureke yumo ndani, kwenye utangulizi. Nikamuuliza mzee kama anajua jina hilo. Alilijua. Alinitajia na wengine wanne ambao mimi sikuwa nimewahi kuwasikia, kila mmoja na kijiji chake, akigonga kifuniko cha kanda kwa ukucha kila alipotaja. Kwenye vifuniko hakuwa ameandika kitu.

"Niandike ya nini? Nikisikia sauti, ninamujua."

Baada ya sombe na samaki akanifungulia kompyuta, tukafika kwenye folda ya MASISI, na humo nikaukuta wimbo wa gunia. Ulikuwa umenitangulia, motari mwingine aliuleta wiki zilizopita. Kwanza ikaja sauti ya kijana wa Masisi na mwangwi wake. Juu yake sauti ya mtu wa Njingala, ya haraka, akitaja kibanda chake. Halafu mzee mwenyewe, taratibu, kama anayesoma tangazo la kifo redioni: jina la duka, mtaa, kando ya mto. Sauti tatu, namba za simu tatu, kisha ndipo akina mama wakaanza.

"Biko bantu ba wapi, hawa?" akaniuliza.

"Ba Masisi," nikasema, na akaridhika, maana folda ilikuwa inasema hivyohivyo.

Nilimuuliza kama ana Remmy Ongala. Alikuwa naye, katika folda ya Tanzania. Nilipomwambia kwamba Remmy ni wa Kindu, jirani yake wa magharibi, mzee alivua miwani. Akamburuta Remmy mzimamzima kutoka TANZANIA, akamwachilia ndani ya RUMBA YA BAZEE kati ya Franco na Tabu Ley, akavaa miwani yake, akanidai franka mia kwa kila wimbo nilionakili.

Kwaya ile nalijua jina lake, na silitaji. Mwalimu aliniomba hivyo mwaka ule, na tangu hapo sababu zake zimeongezeka. Waasi wa M23 waliichukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huohuo. Februari 13 mwimbaji Delcat Idengo, mtu wa Beni aliyewahi kutiwa gerezani kwa nyimbo zake, alipigwa risasi akafa Goma. Machi ilikuwa zamu ya Walikale, M23 wakaingia, na mwanzoni mwa Aprili wakatoka. Nilipokuwa Masisi niliona mwimbaji asiyetajwa ni mtu aliyedhulumiwa, na bado naona hivyo ninapowaza kinanda na ile betri. Ila yule mtu wa msituni aliuliza nani anaimba, na namba iliyokuwa kwenye faili haikumjibu.

Kijana wa Masisi alikimbilia Goma na diski aliyoificha ndani ya gunia la maharage, kompyuta ilibaki. Diski ikamfia. Akanipata kwa WhatsApp, akiniita Papa wa Dar, kuuliza kama nyimbo nilizonakili 2019 bado ninazo. Ninazo. Nikaanza kumtumia usiku, wakati bando ni la bei nafuu, na aliniagiza nianze na KILIO kwa sababu tayari ana wateja. KIHUNDE ikafuata, wimbo mmojammoja, mwingine ukikwama katikati mpaka niurudie. Wa gunia ulifika mara ya kwanza tu. Siku mbili baadaye akanirudishia, nikaufungua nikidhani umeharibika. Ulikuwa mzima. Alikuwa ameongeza mwangwi mpya na kusoma namba yake ya Goma.